Kuandika mji mdogo mmoja maisha yote: Kent Haruf aliwezaje?

BomaNjiaPanda:

Habari za jioni wakuu wa jukwaa la vitabu.

Mimi niko Bomang'ombe, nina duka la pembejeo karibu na njia panda ya kwenda Sanya Juu. Mchana kutwa napokea watu: mama anatafuta dawa ya kuku, mzee kashuka kutoka Machame anabishania bei ya mbegu ya mahindi, mfugaji anataka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Jioni nikishafunga, naandika. Nina madaftari ya hadithi za watu wa hapa na nia yangu ni riwaya.

Kinachonisumbua ni ushauri ninaopewa. Ndugu yangu mmoja anayefanya uhariri Dar alisoma kurasa za mwanzo, akaniambia hadithi niihamishie Dar au angalau Arusha mjini, kwa sababu Boma hakuna kinachotokea. Sijakubali, ila sikuwa na la kumjibu.

Sasa kuna mgeni aliacha kitabu nyumba ya wageni anakofanya kazi dada yangu, kikanifikia: Our Souls at Night cha Kent Haruf. Mjane na mgane, wazee wa mji mdogo huko Colorado, Marekani, wanakubaliana kulala pamoja ili kila mmoja apate wa kuongea naye usiku. Basi, hicho ndicho kisa. Nilikianza baada ya chakula cha jioni, nikakimaliza jogoo wanawika. Nyuma ya jalada nikasoma kwamba riwaya zake zote ziko kwenye mji huohuo, Holt.

Naombeni anayemfahamu anieleze safari yake. Alianzaje? Alikula kwa vitabu au alikuwa na kazi nyingine? Na aliwezaje kukaa mji mmoja vitabu vyote hivyo bila kuishiwa, na bila watu wa kwao kumsusa?

MwalimuRau:

Hujambo mwanangu. Nimefundisha fasihi sekondari za huku Moshi mpaka nikastaafu, na Haruf ndiye mwandishi wa nje ninayemrudia kuliko wote. Riwaya zake zote 6 ninazo hapa nyumbani Rau. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Marekani alinitumia ya kwanza, nikamwomba zilizobaki. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu hilo uliloambiwa na ndugu yako limenichoma.

Nianze na umri, maana hapo ndipo vijana wengi mnapokata tamaa. Haruf alizaliwa Februari 1943, Pueblo, Colorado. Kitabu chake cha kwanza, The Tie That Binds, kilitoka 1984, yeye ana miaka 41. Kilichompa jina, Plainsong, kilitoka 1999, ana 56. Hapo katikati kuna kimoja tu, Where You Once Belonged, cha 1990. Ni mtu aliyeandika polepole sana, na huo upole wake sikuwahi kuuona kama upungufu.

Baba yake alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, na unajua mtoto wa mchungaji anavyokua: leo mko usharika huu, kesho mzee kahamishwa, mnafunga mizigo. Alilelewa Wray, Holyoke, Yuma, miji midogo ya tambarare za mashariki mwa Colorado, nchi ya ngano, ng'ombe na upepo. Wengi wakisikia Colorado wanafikiria milima na theluji. Upande wake yeye ni nchi bapa. Simama pale juu ya Boma wakati wa kiangazi, uupe Kilimanjaro mgongo, utazame kusini. Utaielewa Holt kuliko msomaji wa New York.

Alimaliza chuo, Nebraska Wesleyan, mwaka 1965, akaenda Uturuki kufundisha Kiingereza na Peace Corps, wale Wamarekani wa kujitolea, hao hao waliokuwa wakija kufundisha kwetu miaka hiyo. Huko ndiko alikoanza kujaribu hadithi fupi. Aliporudi alikataa kwenda vita vya Vietnam kwa sababu ya dhamira yake, akapangiwa kutumikia hospitalini na kwenye kituo cha watoto yatima. Halafu akataka kuingia chuo cha Iowa, kwenye ile programu maarufu ya waandishi. Wakamkataa. Yeye akahamia Iowa hivyo hivyo, baridi kali, na mke na mtoto mchanga, akapata kazi ya usafi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akaendelea kuomba mpaka wakamchukua. Alimaliza 1973. Kwa hiyo tangu atoke chuo hicho mpaka kitabu cha kwanza ni miaka 11.

Kula alikula kwa mikono yake. Alifanya kazi kwenye shamba la kuku, kwenye ujenzi, hospitalini, maktabani, kisha akafundisha sekondari na baadaye vyuo, Nebraska halafu Illinois ya kusini. Aliendelea kufundisha hata alipokwisha kupata tuzo ya Whiting mwaka 1986. Ni baada ya Plainsong kuuzwa sana ndipo alipoacha ualimu akarudi Colorado, mji wa Salida, akaishi kwa kalamu. Kwa hiyo duka lako la pembejeo lisikutie unyonge hata kidogo. Wewe unajua mtu akiwa na ng'ombe mgonjwa sauti yake inavyokuwa anapouliza bei ya dawa akijua hela haitoshi. Mhariri wa Dar anaijua Boma kwa dirisha la basi.

Sasa namna alivyoandika, na hapa naomba unisikilize vizuri. Plainsong aliiandika chumba cha chini ya nyumba kilichokuwa stoo ya makaa ya mawe. Alikaa mbele ya taipureta, akavaa mzula wa sufu akaushusha mpaka ukafunika macho, akachapa rasimu ya kwanza ya kila tukio bila kuona kitu. Hakuweka nukta, mkato wala herufi kubwa. Anasema alitaka asijisome wakati anaandika, asianze kujisahihisha kabla tukio halijatoka. Ukurasa ukishatoka, ndipo anavua mzula, anasafisha neno kwa neno, muda mrefu kuliko aliotumia kuchapa. Ile lugha yake inayosomeka kama mtu anazungumza nawe barazani imepigwa randa mara nyingi. Wanafunzi wangu walikuwa wanadhani mwandishi mwepesi kusomeka ni mwandishi aliyeandika kwa wepesi. Nilikuwa nawasomesha aya moja ya Haruf, kisha nawaambia waondoe neno moja. Hawakupata la kuondoa.

Kuhusu kuishiwa. Holt huikuti kwenye ramani. Inafanana sana na Yuma, lakini ameijenga mwenyewe, akaweka barabara zake, mkahawa wake, duka lake la vifaa. Na hakuwahi kuandika "kuhusu mji". Kila kitabu aliandika kuhusu watu wawili watatu ambao wamefikwa na jambo wasiloweza kulibeba peke yao. Kwenye The Tie That Binds ni Edith, bibi wa miaka 80 aliyelazwa hospitalini huku askari anamlinda kwa tuhuma ya kuua, na jirani yake anakueleza maisha yote ya bibi huyo shambani chini ya baba mkali aliyekatwa vidole na mashine ya kuvunia. Kwenye Benediction, cha 2013, ni mzee mwenye duka anayejua anakufa kabla kiangazi hakijaisha. Humohumo kuna mchungaji anayehubiri wakati wa vita kwamba "wapendeni adui zenu" maana yake ni wapendeni adui zenu, na waumini wanainuka wanatoka kanisani.

Lakini kama utasoma kimoja tu, soma Plainsong. Kuna ndugu wawili wazee, akina McPheron, Harold na Raymond. Hawajaoa, wanafuga ng'ombe mbali na mji, hawajakaa nyumba moja na mwanamke tangu wazazi wao wafe. Mwalimu wa mjini, Maggie Jones, anawafuata na ombi: kuna binti wa shule, Victoria, ana mimba, mama yake kamfungia mlango, mtamchukua? Wanaume wale wanaduwaa. Wanatoka nje kuangalia mifugo, wanazungumza maneno machache, wanarudi na jibu: wamekubali. Halafu ndiyo kazi inaanza, kwa sababu hawajui kuongea na msichana. Maggie anawaambia binti anahitaji watu wa kuzungumza naye. Basi jioni, baada ya chakula, wanakohoa, wanaanza kumweleza bei za soko, za mazao na za mifugo, kwa umakini wote, na yule binti anauliza maswali, wanajibu. Wote watatu wanajua si bei inayozungumzwa pale.

Nimewahi kulisoma tukio hilo kwa sauti kwenye darasa la watoto wa Kibosho na Old Moshi, watoto ambao kila mmoja ana babu asiyesema kitu nyumbani ila anahakikisha taa ya kusomea ina mafuta. Hakuna aliyeniuliza Colorado iko wapi.

Kitabu ulichosoma wewe ndicho cha mwisho. Alikuwa anaumwa mapafu na anajua hatapona. Mwaka 2014 akaamua kuandika sura moja kila siku, fupifupi kama ulivyoona, na rasimu ikakamilika kwa siku kama 45. Alifariki Novemba 30 mwaka huohuo, ana miaka 71. Kitabu kikatoka 2015, na 2017 kikawa filamu, Jane Fonda na Robert Redford ndio wale wazee wawili. Kwa hiyo aliyechukua miaka mingi kwa kila kitabu aliweza kuharakisha mara moja tu ilipobidi, kwa sababu Holt alishaijua kila kona.

Sakina_Msomaji:

Shikamoo Mwalimu. Nimefurahia maelezo, ila nina hoja tofauti na ningependa kijana aisikie kabla hajaamua.

Haruf ni mwema mno. Mimi nimekulia mji mdogo kabla sijahamia hapa Arusha, na mji mdogo una sumu. Watu wanahesabu umetoka nyumbani saa ngapi na umerudi na nani. Mtu akitaka kujua riwaya ya mji mdogo inavyotakiwa kuuma, amsome Sinclair Lewis. Mtoto wa daktari, kazaliwa Sauk Centre, Minnesota. Mwaka 1920 akatoa Main Street: mwanamke msomi anaolewa na daktari, anahamia mji mdogo, anataka kuuamsha, na mji unamchosha pole pole kwa chai, usengenyaji na kujiridhisha. Mji aliuita Gopher Prairie, lakini kwao walijitambua, wakakasirika. Hakuomba radhi. Akaendelea na Babbitt mwaka 1922, 1926 akakataa tuzo ya Pulitzer waliyompa kwa Arrowsmith, na 1930 akawa Mmarekani wa kwanza kupata Nobeli ya fasihi. Leo Sauk Centre wana barabara yenye jina lake na nyumba ya utoto wake wanaitunza kwa ajili ya wageni. Kwa hiyo BomaNjiaPanda, kususwa kusikutishe. Andika ukali wote, watakuja kukushukuru.

MwalimuRau:

Marahaba mwanangu. Lewis namheshimu, na hasira yake ilikuwa na sababu. Ila hilo la Haruf kuwa mwema mno nalikataa kabisa.

Chukua Where You Once Belonged. Jack Burdette, kipenzi cha mji, mchezaji mpira shujaa, anapewa kusimamia ghala la nafaka la ushirika wa wakulima. Anaiba fedha za watu, anatoroka. Mji haumpati. Unafanya nini? Unamgeukia mkewe, Jessie, aliyeachwa na watoto na mimba, na unamlipisha yeye, taratibu, kwa namna ambayo mpaka leo nikiisoma natetemeka. Na wanaofanya hivyo ni watu wa kawaida, waliokatwa jasho lao. Wewe uliyekulia mji mdogo, na sisi tulioona ghala la kahawa likibaki tupu na msimamizi hayupo, tunajua kwamba hasira ile ni ya haki na inaweza kumwangukia asiye na kosa. Haruf hajaficha chochote hapo.

Na hao wazee wawili wa Our Souls at Night, usengenyaji ndio unaowaandama. Mara ya kwanza Louis anapita uchochoroni, anaingia kwa mlango wa nyuma asionekane. Addie anamwambia aje kwa mlango wa mbele. Ameamua hatajali tena watu watasema nini, amelijali hilo maisha yake yote. Kisha wanakwenda kula mchana kweupe mkahawani, katikati ya mji, wakijua kila jicho liko kwao. Na anayekuja kuwavunja ni mtoto wa kumzaa mwenyewe. Sasa huo wema mno uko wapi?

Tofauti ya Lewis na Haruf naiona kwingine. Lewis aliuona mji wote kama mtu mmoja na akamshtaki. Haruf alikataa kuushtaki na kuusifu. Alisogea mpaka jikoni, akasikiliza. Lewis alipomaliza na mji wake, alilazimika kutafuta shabaha nyingine, wafanyabiashara, madaktari, wahubiri, na vitabu vyake vya baada ya Nobeli vingi havisomwi sana. Haruf hakuwa na haja ya shabaha mpya. Watu wanazeeka, wanajifungua, wanafiwa, na kila mara Holt ina kitabu kingine.

Tena tusivuke bahari bila kutazama nyumbani. Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka mmoja tu baada ya Haruf, hakuhamishia Rosa Mistika Dar ili ipate wasomaji. Aliianzia kwao Ukerewe, 1971, kwa baba mkali na binti zake, na ikawashtua wakubwa kiasi cha kuzuiwa shuleni kwa muda. Nani anathubutu kusema Ukerewe hakukutokea kitu?

MtuWaPasua:

Nachangia upande wa vitendo tu. Mkuu, ukimaliza mswada kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na riwaya ni moja ya nyanja zake. Kuna pia ya Safal-Cornell, ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, nayo inapokea miswada ambayo haijachapishwa. Zote ni kwa Kiswahili na hazikuulizi hadithi yako iko mji gani. Fuatilia matangazo, tarehe hubadilika.

BomaNjiaPanda:

Mwalimu, shikamoo, na asante sana. Ndugu Sakina na Pasua, asanteni.

Nimebaki na hofu moja. Hadithi yangu kuu ni ya mwanamke muuza ndizi wa stendi na mzee wa mnadani, dalali wa ng'ombe. Mzee alifiwa, watoto wote wako Dar, wanakuja Desemba na magari, wanaondoka. Yule mama akaanza kumpelekea chakula. Mji ukasema yake. Mpaka kikao cha ukoo kikakaa juu ya sufuria la makande. Wote wawili bado wapo na wanapita dukani kwangu. Nikiwaandika, watu watawajua kesho yake asubuhi. Haruf alifanyaje hapo?

MwalimuRau:

Marahaba mwanangu. Sufuria la makande na kikao cha ukoo, na mtu anakwambia Boma hakuna kinachotokea!

Fanya alichofanya yeye. Jenga mji wako. Chukua njia panda ya Boma, soko la Himo, baridi ya Sanya Juu, upe jina lako mwenyewe. Moshi, Arusha na Dar ziache na majina yao, kama yeye alivyoiacha Denver. Mama asiuze ndizi. Wewe unajua biashara nyingine za stendi. Mzee asiwe dalali. Ukibadilisha kazi ya mtu, mikono yake inafanya vitu vingine, anaanza kusema maneno ambayo yule wa kweli hakuyasema, na hapo anakuwa wako. Usibadilishe kile kikao. Kikao kiandike chote, wajumbe wote, na kila mmoja umpe sababu yake, hata yule mkali kuliko wote, hasa yeye. Ukishindwa kumwelewa mkali, rudi ukamsikilize tena kabla ya kuandika.

Na kisa kiweke Februari au Machi, wageni wa Desemba wameshaondoka, mji umebaki na wenyewe na mvua haijaja. Desemba ya Kilimanjaro kila mtu anaijua. Februari yetu haijaandikwa.

Plainsong nitakuazima. Hiki kitabu sikituma kwa basi. Ukiwa na safari ya Moshi nitumie ujumbe wa faragha tupange, na uje na daftari lenye kikao cha ukoo. Nataka kusikia huyo mjumbe mkali anasema nini.